Gari ilipaki, mi sikupumzika

Hapa Tanga dereva wa lori mwenye kazi moja tu ni wa kutafuta, na mi ni mmoja wa hao wenye mbili. Wiki nyingi naendesha semi ya kampuni, napakia saruji Pongwe au mzigo wa bandarini, nikifika Segera nakunja kulia naenda Korogwe, Mombo, Same mpaka Moshi, au nakunja kushoto nashuka Mkata, Wami, Chalinze, alafu siku gari ikipaki napiga deiwaka, yaani kibarua cha siku, kwenye tipa la mzee mmoja wa Kange, mchanga na kokoto tunapeleka kwenye saiti za watu wanaojenga. Sina cha kuficha hapo, kazi ya pili ndo imesomesha wanangu. Ninachotaka kuongea ni saa. Saa za kazi ya pili zinaenda wapi, nani anazihesabu, na kwanini wengi wetu tunaingia barabarani usiku tukiwa kwenye makaratasi ni watu waliopumzika wakati mwili umeshafanya kazi siku nzima.

Asiyeijua hii kazi aelewe kwanza kitu kimoja. Dereva wa lori mshahara wake wa mwezi ni mdogo, kinachomweka mjini ni posho ya safari. Gari ikitembea unakula, gari ikisimama unaangalia ukuta. Na gari inasimama kweli, meli imechelewa, mzigo umekwama kwenye karatasi, kiwandani foleni, tela lina pancha na bosi hajatuma hela ya tairi. Sasa mtu ana watoto shule, kodi ya nyumba, mama yake Muheza anasubiri dawa, unategemea akae barazani anywe kahawa na kashata siku nne? Ataenda kutafuta. Wengine bodaboda, wengine tipa, wengine ulinzi wa usiku kwenye magodauni, wengine wanaingia baharini na wavuvi, wengine wanashika Noah ya mtu kwenda Lushoto na kurudi. Kwaiyo ukiona dereva ana kazi mbili usianze na yeye, anza na ile posho.

Mimi siku naanza kazi kwenye hii kampuni nilimwambia meneja wa wakati ule kwamba gari ikipaki huwa nashika tipa, akasema sawa tu we mradi gari langu likikuhitaji uwepo. Yaliisha hapohapo, hakuna mtu aliyeandika popote. Miaka ikaenda, meneja akabadilika.

Siku moja nimeamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja na nusu niko kwenye tipa, tumepiga tripu mpaka alasiri, jua la Tanga mnalijua, tipa halina AC. Narudi nyumbani naoga, nakula, nasema sasa nilale. Saa kumi na mbili jioni simu, jamaa wa opereshini, wale wanaopanga safari za magari, "kaka mzigo umetoka, njoo uchukue makaratasi utoke usiku huu, asubuhi mteja anataka kushusha Moshi." Nikamwambia kaka leo siwezi kutoka usiku, nimefanya kazi tangu alfajiri, nipe mpaka kesho asubuhi. Akanyamaza kidogo alafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo naliona ndo kiini cha haya yote: "Umefanya kazi wapi? Mi naangalia GPS hapa, gari imepaki siku ya tatu."

Nikamjibu, gari ndo ilipumzika kaka, mi sikupumzika.

Hakuelewa, na simlaumu, kwasababu kwenye skrini yake yule alikuwa sahihi kabisa. Yeye anaona chuma. Chuma kimelala siku tatu basi na dereva kalala siku tatu. Akampa simu meneja, meneja akaja juu, eti unafanyia watu wengine kazi na mzigo wangu unalala? Nikamwambia bosi kwa heshima, nikitoka usiku huu nitafika Segera nikiwa macho kwa zaidi ya saa 17, na mzigo wako ni tani za saruji, na mbele yangu kuna mabasi. Maana tangu tarehe 1 Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, barabara ile saa nane usiku sio ya malori peke yake tena, kuna watu wamelala kwenye viti wanaenda Arusha na Dar. Mzigo uliondoka na dereva mwingine aliyekuwa amelala kweli mchana ule. Mi nikaitwa ofisini kesho yake, na nikajiandaa kabisa kupoteza kazi.

Usiku ule kabla ya kwenda ofisini ndo nikakaa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nilikuwa nayo kwenye simu, alinitumia binti yangu. Nikasoma kipengele cha saa za kazi taratibu kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Ukiweka na ovataimu mwajiri haruhusiwi kukufanyisha kazi zaidi ya saa 12 ndani ya siku moja, na ovataimu yenyewe isizidi saa 50 kwenye wiki nne. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24 za kupumzika kabisa. Kuna namna za kupunguza zile saa 12 kwa makubaliano ya maandishi lakini msingi ndo huo.

Sasa tazama inavyokaa kwa mtu mwenye kazi mbili. Sheria inaongea na mwajiri, inamwambia wewe usimruhusu mfanyakazi wako kupitisha hizo saa. Mzee wa tipa anaangalia kwake, kijana kafanya saa tisa, hajavunja kitu. Kampuni inaangalia kwake, kijana leo hajagusa gari, anaanza saa sifuri, haijavunja kitu. Kila mmoja daftari lake safi. Ila mtu ni mmoja, na huyo mtu akitoka saa tatu usiku akafika Same alfajiri amefanya kazi saa kumi na nane na hakuna karatasi hata moja nchi nzima inayosema hivo. Hii ndo ilinishtua kuliko ukali wa meneja. Nilikuwa naona sheria kama ukuta unaonilinda, kumbe ukuta una mlango na mlango wenyewe ni mimi, nisiposema hakuna atakayejua.

Ofisini nilienda na hoja moja tu, na hoja hiyo ilikuwa kwenye dashibodi ya gari lao wenyewe.

Malori mengi tunayoendesha yametoka Ulaya yakiwa yameshatumika. Ile ya kwangu ni Scania, na kwenye spidomita kuna takografu, kile kifaa kinachofunguka unaweka diski ya karatasi, huku kwetu hakuna anayekitumia, tandiboi wengi wanajua ni saa tu. Pembeni yake kuna kinobu kina vialama vinne: usukani, kitanda, mraba uliokatwa na mstari, na nyundo mbili zimepishana. Usukani ni kuendesha, kitanda ni kupumzika, ule mraba ni kusubiri ukiwa tayari kuitwa. Zile nyundo ni "kazi nyingine". Na kwenye kanuni za Umoja wa Ulaya, namba 561 ya mwaka 2006, kazi nyingine ni pamoja na kazi yoyote unayomfanyia mwajiri mwingine, hata kama haihusiani na usafirishaji kabisa. Yaani dereva wa kule akishinda anauza dukani kwa mtu, ile siku inaingia kwenye nyundo.

Kule Ulaya dereva anaendesha saa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki anaruhusiwa 10, kila saa nne na nusu za usukani anasimama dakika 45, na kwa siku anatakiwa apate mapumziko ya saa 11 ambayo mara chache yanaweza kupungua yakawa 9. Alafu kuna sheria yao nyingine ya mwaka 2002 ya muda wa kazi kwa watu wa barabarani, wastani wa saa 48 kwa wiki na wiki moja isizidi 60, na hapo ndo nilipopapenda: saa za waajiri wote zinajumlishwa, mwajiri anatakiwa amuulize dereva kwa maandishi kama ana kazi kwingine na dereva naye anajibu kwa maandishi. Swali kwenye karatasi, jibu kwenye karatasi, basi.

Na Marekani hivohivo. Mtoto wa mama yangu mdogo anaendesha lori huko, tunaongea sana kwenye WhatsApp, yeye ndo alinifafanulia. Wao wakishapumzika saa 10 mfululizo wanapata dirisha la saa 14, ndani yake kuendesha ni saa 11 tu, na kwa wiki kuna kikomo cha saa 60 kwa siku 7 au 70 kwa siku 8 kutegemea kampuni. Tangu Desemba 2017 wengi wao wanatakiwa kuwa na kifaa cha elektroniki kinachorekodi hizo saa. Mi nikamuuliza, sasa ukifanya kibarua godauni asubuhi kifaa kitajuaje? Akanijibu kaka, kifaa hakijui, mimi ndo natakiwa niingize, kazi yoyote ya kulipwa kwa mtu yeyote hata asiye na lori inahesabika niko kazini, nikibeba maboksi asubuhi kwa muda wa saa nne, hizo nne zimeshakula dirisha langu la 14, zimebaki kumi. Akaniambia na kampuni yake inamdai aripoti. Nikaona kumbe hata kwa wenye mitambo yote hiyo mwisho wa yote kuna mtu anatakiwa kufungua mdomo.

Meneja nilimwonyesha picha ya kile kinobu cha gari lake. Akaangalia muda mrefu. Akaniuliza hizi nyundo miaka yote zipo? Nikamwambia zipo bosi.

Kuna jambo wenzangu wananibishia sana kijiweni, kwamba kazi ya pili kama sio ya kuendesha haihesabiki kwasababu haichoshi macho. Tuna mwenzetu wa Sahare, ana hisa kwenye boti, usiku wenye giza wanaingia baharini na taa kutafuta dagaa, anarudi alfajiri, anasaidia kushusha, anaoga, saa mbili yuko kwenye foleni ya saruji. Yeye anasema baharini ni kama mazoezi, nakaa nasubiri samaki, hewa safi. Nilisafiri naye mara moja gari zetu zimeongozana mpaka Korogwe, pale Hale nilimwona anayumba kidogo, nikampigia simu tukasimama tukanywa chai. Alikuwa macho tangu jana yake asubuhi. Mtu mzuri, makini, hanywi, na angeweza kuua watu.

Mwili hauulizi umechokea wapi. Kuna watafiti wa Australia, Dawson na Reid, mwaka 1997 walipima watu waliokaa macho muda mrefu wakawalinganisha na waliokunywa pombe, mtu aliyekaa macho saa 17 uwezo wake ulishuka sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na aliyefika saa 24 ni sawa na 0.10. Kule Australia 0.05 ndo kikomo cha dereva wa kawaida wa gari dogo. Hesabu mwenyewe, ukiamka saa kumi alfajiri kwenda kwenye tipa, saa 17 zinatimia saa tatu usiku, muda uleule opereshini wanaopenda kutoa magari. Alafu unaingia kwenye ule muda mbaya kuliko wote, saa nane usiku mpaka saa kumi na moja, pale mwili hata wa mtu aliyelala unataka kuzima. Spidi yetu ni 80, hiyo ni mita 22 kwa sekunde, ukisinzia sekunde tatu umeshapita zaidi ya mita 60 hakuna dereva ndani ya gari. Kule Mkata usiku barabara imenyooka, hakuna taa, ndo inabembeleza.

Wanaotafuna mirungi nawaambia waziwazi, achilia mbali kwamba ni marufuku, ile inakufungua macho tu, usingizi haulipi, deni liko palepale na linakuja kudai kwenye mteremko wa Wami.

Kitu kingine kilichonifungua akili ni kusubiri. Hapa kwetu foleni ya kupakia tunaiita kupumzika. Uko kwenye gari kwa muda wa saa sita, unasogea mita kumi, unazima, unawasha, unashuka kuulizia namba, tandiboi anakuita "suka, wamesogea", jua linapiga kebini, alafu ukishapakia mtu anakwambia umekaa tu toka asubuhi, haya tembea. Kupumzika ni pale ambapo una ruhusa ya kuondoka na kulala na hakuna mtu anayeweza kukuita. Ule mraba kwenye takografu hauko sehemu moja na kitanda, waliotengeneza walijua. Sasa dereva aliyetoka kwenye tipa jana, leo kakaa foleni kutwa, usiku anaondoka, huyo kwa hesabu za ofisi kapumzika siku mbili, na mwilini hajapata hata usiku mmoja uliokamilika.

Tulichokubaliana na meneja mwisho wa siku hakikuwa kikubwa ila kimebadilisha maisha yangu. Nina daftari la shule, kila siku naandika nimeanza kazi saa ngapi na nimemaliza saa ngapi, ya lori upande huu, ya tipa upande huu, foleni naiandika kama kazi. Opereshini wakitaka nitoke usiku wananiambia kabla ya saa tatu asubuhi, nikishaambiwa tipa siligusi siku hiyo, nalala mchana. Wasiponiambia na nikaenda kwenye tipa, basi mpaka zipite saa 12 tangu nimalize ndo naweza kuitwa, na hilo limeandikwa likasainiwa, nakala moja ninayo mimi. Kuanzia Alhamisi jioni mpaka Ijumaa jioni sifanyi kazi ya mtu yeyote, naenda msikitini, nakaa na familia, kama niko safarini hizo saa 24 nazipata siku nyingine lakini nazipata. Kama hamna makubaliano ya namna hii angalieni kwanza mikataba yenu, mingi ina kipengele kwamba usifanye kazi kwa mwajiri mwingine bila ruhusa, kwaiyo omba hiyo ruhusa kwa maandishi kabla, usisubiri siku ya ajali ndo watu waje kukifungua.

Mzee wa tipa nilimfuata nyumbani, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamweleza. Nilidhani atatafuta kijana mwingine. Akasema mwanangu bora uniambie jioni kwamba kesho haupo kuliko uje umesinzia na kokoto zangu upite juu ya mtoto wa mtu. Akaniongezea kijana wa kupokezana naye. Hela ya deiwaka imepungua kwangu, hiyo siwezi kudanganya, mke wangu aliuliza nikamweleza tukapanga upya matumizi.

Wenye magari nao nina neno lao, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna waliosikia hii habari wakaona dawa ni kupiga marufuku dereva kuwa na kazi ya pili. Ukipiga marufuku na siku za kupaki hulipi chochote, dereva ataendelea kwenda kwenye tipa, tofauti ni kwamba sasa atakudanganya, na ukimpigia saa kumi na mbili jioni atakwambia nipo fiti bosi, nimelala tangu asubuhi. Umemfunga mdomo mtu pekee aliyejua hesabu ya kweli. GPS haitakusaidia hapo, hata VTS, ule mfumo wa kufuatilia mabasi wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inaona basi liko wapi na linakwenda spidi gani, dereva kalala kwa saa ngapi jana haioni. Lipa kitu siku za kupaki, hata kama ni kidogo kuliko ya safari, alafu muulize dereva kila kabla hajatoka, umefanya kazi gani ndani ya saa 24 zilizopita na umelala kwa saa ngapi, na akikwambia hajalala usimkasirikie. Dereva akigombezwa mara moja kwa kusema ukweli, madereva wote wa yadi wamesikia kabla ya jua kuzama.

Kwetu swali hilo limeshaongezwa kwenye fomu ya safari, mstari mmoja tu, dereva anajaza anasaini na mtu wa opereshini anasaini. Posho ya kupaki bado tunavutana. Meneja anasema biashara imebana, sisi tunasema gari ikipaki siku nne kwasababu ya mzigo wa mteja basi mteja alipie, na kampuni ikiandika gharama ya kusubiri kwenye mkataba wake na mteja inawezekana. Kikao kipo baada ya mfungo, madereva wenzangu kadhaa wameanza na wao kuandika madaftari, yule wa Sahare pia, na tumekubaliana tuyabebe yote twende nayo mezani.